Picha ya Mzee Nduwayezu Nyumbani Kwake

Swaumu binti Mansuri alikuwa na studio ya picha Kasulu mjini, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vitambaa la kaka yake Khatibu na duka la dawa za mifugo. Siku za kazi alipiga picha za pasi na vitambulisho. Mwisho wa wiki alikwenda harusini. Kazi hiyo aliijua mpaka ikamchosha. Kwa hiyo Firdausi, mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu huko Dar es Salaam, alipompigia simu kumwambia kwamba wanaandaa kitabu cha picha za watu wa nyanda za juu za Kigoma wakiwa majumbani mwao, Swaumu alikubali kabla mwenzake hajamaliza kueleza.

"Nataka watu kama walivyo," Firdausi alisema. "Wasijipambe. Nyumba zao, vyombo vyao, nyuso zao, basi."

Swaumu aliona ni kazi nyepesi. Haikuwa hivyo. Mtu akisikia kwamba mpiga picha anakuja kwake, jambo la mwisho analolitaka ni kupigwa kama alivyo. Kule Kagerankanda, mkulima mmoja aliwapokea yeye na Khatibu kwenye makochi aliyoyaazima kwa mwalimu wa jirani. Makochi yalikuwa bado na nailoni, na mwalimu mwenyewe alisimama mlangoni muda wote, akiangalia yasichafuliwe. Mama mwingine aliingiza vyungu vyake vyote uvunguni mwa kitanda, akatundika pazia la maua ukutani, akasimama mbele yake kama askari.

"Mama, pazia kama hili ninalo studio," Swaumu alimwambia. "Nimelikimbia."

"Basi umekuja mbali bure," mama yule akajibu, wala hakusogea.

Jioni Swaumu alituma picha, na Firdausi akamrudishia sauti ndefu za WhatsApp. Mbona kila mtu amevaa suti? Mbona kila nyumba ina bati? Huko hakuna nyumba za nyasi? Swaumu alisikiliza mara moja, akaandika kwamba hata yeye nyumbani kwake kuna bati, akazima simu. Khatibu, ambaye alikuwa amefunga duka ili amwendeshe kwa gari lake, alimwambia asikasirike, mteja ana haki. Siku hiyo hiyo asubuhi alikuwa amewaambia wenye suti kwamba nao wana haki. Khatibu alikubaliana na kila mtu. Ndiyo maana duka lake lilijaa wateja, na ndiyo maana dada yake alikuwa haongei naye njia nzima kwenda Kibondo.

Mtu waliyemfuata huko alikuwa Mzee Nduwayezu wa Mabamba, mfuga nyuki. Swaumu alikuwa amemwona sokoni Kibondo mwaka uliotangulia, akiuza asali. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mikono mirefu na uso ambao nyuki walikuwa wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo uso ule haukumtoka akilini.

Walimkuta nje ya nyumba yake, ameketi chini anakarabati mzinga wa gogo, amevaa mabuti ya mvua na shati lililotoboka kiwiko. Nyuma yake milima ya Burundi ilikuwa imeanza kushika mawingu. Swaumu alitamani kumpiga hapo hapo.

"Mwakeye, mzee," alimwamkia kwa Kiha, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Naomba usisimame. Kaa hivyo hivyo."

Mzee alisimama. "Hapana, binti yangu. Hapa ni nje. Si ulisema kwenye simu picha ya nyumbani? Nyumba ile pale."

Nyumba ilikuwa mpya kabisa, ya matofali ya kuchoma, na bati la rangi ya bluu na madirisha ya vioo. Aliijenga kwa asali. Aliwatembeza chumba kwa chumba. Sebuleni kulikuwa na makochi yake mwenyewe, hayakuazimwa. Swaumu akaanza kutafuta mwanga dirishani.

"Lakini si leo," mzee akasema. "Mama Dorcas hayupo. Kaenda sokoni. Mwenye nyumba asipokuwepo, picha ya nyumba inakuwaje?"

Wakarudi Kibondo kulala gesti. Kesho yake walirudi. Mama Dorcas alikuwa amekwenda msibani. Walipokuja tena, mzee alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, lakini mama alikuwa kanisani.

"Jumatano?" Swaumu akauliza.

"Wana maombi," mzee alisema, akiangalia viatu vyake.

Khatibu alikwenda dukani kununua soda, akarudi na soda na habari zote. Mama Dorcas, ambaye jina lake ni Esteri, hakuwa sokoni wala msibani wala kanisani. Aliondoka hapo tangu kiangazi. Alikuwa kwa binti yao Dorcas, Kitahana, na Mabamba nzima ilijua, ingawa mzee alimwambia kila aliyeuliza kwamba mkewe anasaidia kulea mjukuu.

Swaumu alirudi ndani akiwa na chupa ya soda ambayo hakuifungua. "Mzee, nimekuja hapa mara tatu. Kwa nini hukuniambia kwamba mama hayupo?"

"Nilikuambia hayupo."

"Hukuniambia hatarudi."

"Nani kasema hatarudi?" Mzee alikaa kwenye kochi, akakunja mikono yake mirefu magotini. "Mwanamke akisikia anatafutwa na watu wa kitabu, atakuja. Wewe nenda tu kamwambie. Usimwambie nimekutuma."

"Mzee, mimi ni mpiga picha. Naweza kukupiga wewe peke yako."

"Mwanamume peke yake katika nyumba kubwa hivi? Watasemaje?"

Swaumu alitaka kumwambia kwamba tayari wanasema. Aligeuka kumtafuta kaka yake, amsaidie kuaga. Khatibu alikuwa ameshaingia kwenye gari na anajaribu kukumbuka njia ya Kitahana.

"Kwani tuna haraka gani?" alisema. "Mzee wa watu anaumia."

Walimkuta Esteri shambani nyuma ya nyumba ya Dorcas, akichimba viazi vitamu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana. Alisikiliza maneno yote ya Swaumu bila kuacha kuchimba. Swaumu alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuficha kitu: alisema mzee amemtuma, na kwamba amemkataza asiseme.

"Picha ya nyumbani," Esteri alirudia. "Nyumbani kwangu hapapo, mwanangu. Alipabomoa."

Kisha akaeleza. Dorcas alikuwa amejifungua, naye akaja hapa Kitahana kumsaidia uzazi. Nyumba mpya ilikuwa imeshaezekwa, alijua hilo, na nyumba ya zamani ingevunjwa, alijua pia. Ila jiko lake, lile la udongo nyuma ya nyumba, alisema libaki. Aliporudi alikuta uwanja mtupu. Mumewe alimshika mkono, akampeleka sebuleni, akamwonyesha jiko la gesi ndani ya boksi lake, akasimama kama mtoto anayengoja asifiwe.

"Darini mwa jiko ndimo nilimokuwa naweka mbegu," alisema. "Maharage. Moshi unayatunza, mdudu hagusi. Ya njano, yenye madoa, na meusi madogo ambayo mama yangu alinipa nilipoolewa, na yeye alipewa na mama yake. Nikamuuliza, mbegu zangu ziko wapi? Akasema mafundi walizipika. Hivyo tu. Mafundi walizipika."

Aling'oa kiazi, akakikung'uta udongo. Mvua ilikuwa karibu na mashamba yote ya njiani yalikuwa yameshalimwa yanasubiri.

"Basi nikupige hapa, mama," alisema hatimaye. "Hapa kwa Dorcas."

"Hapa ni kwa mkwe wangu. Mimi nikae ndani kwa mkwe wangu nipigwe picha kama vile ni kwangu? Utanivunjia heshima."

Swaumu alifunga macho. Mzee ana nyumba lakini hawezi kupigwa humo bila mkewe. Mkewe hana nyumba ya kupigwa popote. Na huko Dar es Salaam kuna mtu anataka wote wawili wasijipambe. Alianza kufunga begi la kamera.

Lakini Khatibu alikuwa amechuchumaa pembeni ya kapu, anamsaidia Esteri kupanga viazi, akimwambia kwamba amekosewa, amekosewa sana, na kwamba yeye angekuwa mahali pake asingemwangalia tena yule mzee. Labda hiyo ndiyo iliyomgeuza. Mtu akikubaliwa sana huwa hajui afanye nini na hasira iliyobaki. Esteri alifuta mikono yake kwenye kanga.

"Nitakuja," alisema. "Ila pa kukaa nitachagua mwenyewe."

Alipakia kapu la viazi kwenye gari, akapanda.

Mzee Nduwayezu aliwasikia, akatoka barazani na suti yake. Alikuwa amefuta makochi na kutandika vitambaa vyeupe. Esteri alimwamkia kwa adabu, kama mtu anayemwamkia mjumbe wa nyumba kumi, akampita, akaizunguka nyumba mpya bila kuitazama. Nyuma kulikuwa na rundo la mchanga, matofali yaliyobaki na mifuko mitupu ya saruji. Alitembea polepole akikwangua ardhi kwa mguu mpaka udongo ukageuka kuwa wa kijivu. Lilikuwa jivu. Akakaa hapo hapo chini, miguu ameinyoosha mbele.

"Hapa ndipo nyumbani kwangu," alimwambia Swaumu. "Piga."

"Mama Dorcas," mzee alisema kutoka kwenye kona ya nyumba. "Unaniaibisha. Kitabu kitaenda nchi nzima. Watasema nimemtoa mke wangu nje kama mbuzi."

"Si umenitoa?"

"Nimekujengea nyumba."

"Nilikuomba?"

Mzee aliingia ndani, akatoka amebeba kochi moja kichwani, akalishusha mchangani mbele yake. Esteri hakuliangalia. Mzee akamgeukia Swaumu amwombee. Esteri naye akamgeukia Swaumu apige. Na Khatibu, akiwa amesimama kati yao, alisema kwamba kila mmoja ana pointi.

Hapo Swaumu akachoka kabisa. Hakupaza sauti. "Jamani, mimi sikuja kuamua kesi," alisema. "Nimeacha kazi yangu Kasulu, nimemfungisha kaka yangu duka. Huyu ananidanganya, huyu ananikalia kwenye jivu. Nimebakiwa na mwanga kidogo tu. Zungumzeni muelewane, au mshindwe, halafu mniambie. Mimi nipo hapa."

Akaketi juu ya begi la stendi ya kamera, akawapa mgongo, akatazama milima.

Mzee ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Waliokula ni mafundi."

"Mafundi walikula," Esteri alisema. "Wao hawajui, ni watu wa mbali. Wewe ulikuwa wapi?"

Mzee alilegeza tai yake. "Nilikuwepo," alisema. "Mboga iliisha. Walisema hawawezi kubomoa kuta kwa ugali mkavu. Mmoja akashusha kile kibuyu cha maharage kutoka darini, akaniuliza, haya vipi? Nikasema pikeni."

"Ulijua ni ya mbegu?"

"Nilijua."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

Swaumu aligeuka, alishindwa kujizuia. Esteri alikuwa anamtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza amemwona tangu afike. Hakulia. Midomo yake ilijikunja kidogo, isijulikane inakwenda wapi.

"Miezi yote hii umesema mafundi, mafundi," alisema. "Kumbe na tumbo lako lilikuwepo. Haya. Mimi nina njaa. Nimetoka Kitahana sijala. Nipikie."

"Nikupikie?"

"Viazi viko kwenye gari."

"Gesi iko ndani," mzee alisema, akiwa na tumaini kidogo.

"Unajua kuiwasha?"

Mzee alifikiri. Jiko lilikuwa bado limo kwenye boksi. Tangu mkewe aondoke alikuwa akila mikate, ndizi mbivu na asali, na siku nyingine sahani ya jirani.

"Sijui," alisema.

"Basi utapika hapa." Esteri alisogea pembeni, akapiga kiganja kwenye jivu. "Figa moja lilikuwa hapa. La pili hapa. La tatu pale. Panga."

Na Mzee Nduwayezu, na suti yake ya kijivu, alikwenda kwenye rundo akachukua matofali matatu mapya. Akayapanga, akakosea, akaelekezwa, akayapanga upya. Alishusha kapu la viazi kutoka kwenye gari, akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Alipiga magoti, akaingiza majani makavu na vijiti, akapuliza. Moshi mzito mweupe ukapanda, ukamfunika kichwa. Akapuliza tena. Moshi ukaongezeka.

"Moshi anaujua," Esteri alimwambia Swaumu. "Maisha yake yote anawafukiza nyuki. Moto wa kuivisha ndio haujui."

Mwenyewe alikuwa ameinuka, magoti yanamuuma, na kwa kuwa kochi lilikuwa pale aliketi juu yake. Khatibu alitaka kwenda kusaidia kupuliza, Swaumu akamshika shati. Alikuwa ameshainua kamera bila kufikiri. Hakuwasha taa wala kufungua stendi. Mzee aliinua uso kutoka kwenye moshi, tai imepinduka begani, machozi yanamtiririka kwenye mikunjo yote ya ule uso, na nyuma yake mkewe ameketi kwenye kochi la sebuleni juu ya mchanga, kapu la viazi miguuni, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Swaumu alipiga. Akapiga tena mpaka mwanga ukaisha.

Viazi vilipoiva, au vilipokaribia kuiva, walikula wote wanne kwa mikono. Katikati vilikuwa vigumu. Hakuna aliyesema.

Walipoondoka, Esteri aliingia tena kwenye gari, na mzee alisimama barabarani akiwapungia mpaka kona ikamficha. Alipokuwa anashuka Kitahana, Esteri aliinama dirishani.

"Mwambieni jiko liwe na dari. Bila dari, mbegu nitaweka wapi?"

"Mwambie mwenyewe, mama," Swaumu alisema. "Namba yake unayo."

"Ninayo," Esteri alikubali, akaingia ndani.

Firdausi alipoipata picha alikaa kimya siku nzima, kisha akatuma sauti. Picha ni nzuri sana, alisema, lakini Swaumu ameipanga. Mtu hapiki na suti. Kochi halikai mchangani. Wao walitaka uhalisia. Je, anaweza kurudi ampige mzee peke yake, na mabuti na mizinga?

Swaumu aliisikiliza akiwa studio, mteja amekaa kwenye stuli anangoja picha ya pasi. Aliangua kicheko kibaya ambacho kilimfanya mteja ajitazame shati. Kisha alimpigia Firdausi, hakutaka kuandika. Alimwambia kwamba katika picha zote alizomtumia, hiyo ndiyo pekee ambayo hakumwambia mtu yeyote akae wapi. Kama hawaitaki, waiondoe, na jina lake waliondoe pamoja nayo.

"Huna haja ya kukasirika, dada," Firdausi alisema.

"Ninayo," Swaumu alisema.

Kitabu kilitoka, na picha ilikuwemo, ukurasa mzima. Chini yake waliandika: Mzee Nduwayezu akimwandalia mkewe chakula nyumbani kwao, Mabamba. Swaumu aliisoma sentensi hiyo mara mbili, kama mtu anayetafuta kosa la tahajia, akakosa, akakifunga kitabu. Nakala moja aliipeleka stendi, ikapanda basi la Kibondo.

Mzee alipiga simu wiki ile ile, amekasirika. Kila anayepita njiani anamuuliza leo anapika nini. Wanawake wa kanisani wanamwita mpishi. Mama Dorcas ameiweka picha wazi juu ya meza ya sebuleni, mgeni akiingia haoni kitu kingine.

"Kwa hiyo mama amerudi," Swaumu alisema.

"Alirudi kabla mvua haijakolea. Nilimjengea jiko la udongo. Lina dari." Sauti yake ikashuka. "Mbegu amepata kwa wanawake wa huku, na nyingine kwa wale wanaovuka kutoka Burundi siku ya soko. Ya njano ipo. Yenye madoa ipo. Ile nyeusi ndogo ya mama yake haijapatikana. Nimeizungukia kila soko mwenyewe. Sidhani kama ipo tena."

Swaumu alimwashiria mteja aliyekuwa kwenye stuli asubiri kidogo.

"Sasa sikiliza," mzee aliendelea, sauti imerudi juu. "Njoo upige nyingine. Suti ile ile, ila nikae. Ndani, kwenye kochi, kama watu."

"Na mama atakaa na wewe?"

Alimsikia akitoa simu sikioni na kuita kuelekea nyuma ya nyumba. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi, Swaumu hakulipata.

"Anasema yuko jikoni," mzee alisema. "Ana kazi."

"Basi akimaliza kazi nipigieni," Swaumu alisema, akakata, akamgeukia mteja wake na kumwomba anyooshe shingo.